Simu kwenye kopo la biskuti: italia?

Kuna bibi zetu wanaoficha simu kwenye kopo la biskuti, wajukuu wasiichezee. Jee, ukimpigia utampata? Nimejaribu jikoni kwangu, hapa Azaiba. Sufuria yenye mfuniko: simu imelia, mawimbi yanapita penye upenyo. Kopo la biskuti: mara inalia, mara haipatikani. Foili ya jikoni, nimeifunga mara mbili bila kuacha tundu: kimya kabisa. Mwaka 1836 Mwingereza Michael Faraday alionesha kwamba chumba kilichozungushiwa chuma huzuia umeme wa nje usiingie. Tena simu inayotafuta mtandao humaliza chaji upesi. Basi mwambieni bibi: simu aiweke karibu naye, nje ya kopo. Siku ya kupiga 9999, kila dakika ina thamani.