Mama Asiyekula Nyama: Damu Ataipata Wapi?

Wako akina mama, na zaidi wasichana wa mijini, ambao siku hizi wameamua kula vitokavyo ardhini tu. Nyama na samaki hawali, wala mayai na maziwa hawagusi. Kwetu Pwani, ambako karamu bila nyama huhesabiwa pungufu, jambo hili ni la kustaajabisha. Lakini atakaye kulipima kwa haki na aangalie Ruiru na Thika, miji ya Kiambu iliyo kaskazini-mashariki ya Nairobi.

Huko, chakula cha Wakikuyu tangu zama za wazee ni githeri, yaani ile pure yetu ya mahindi na maharagwe, pamoja na mboga kama terere, ambayo ni mchicha, na managu, ambayo ni mnavu. Nyama ilikuwa ya sherehe. Mwanamke akijifungua hupikiwa njahi, ndizo fiwi, ili apate nguvu na maziwa ya kumnyonyesha mtoto. Na mjini Thika wapo Wahindi wa dini ya Jaini, ambao kwao nyama ni mwiko. Basi kuishi bila nyama si uzushi wa leo.

Hata hivyo, Wajaini hunywa maziwa, na Wakikuyu walifuga ng'ombe na mbuzi. Aachaye vyote huikosa vitamini B12, ambayo mimea haina. Upungufu wake hudhuru damu na mishipa ya fahamu, na mama akipungukiwa, mtoto anyonyaye hupungukiwa naye. Mwanamke huyo hana budi kumeza vidonge vya vitamini hiyo, au kula vyakula vilivyotiwa.

La pili ni madini ya chuma. Kwa sababu ya damu ya kila mwezi, mwanamke huhitaji kiasi cha miligramu 18 kwa siku, ilhali mwanamume hutosheka na 8. Mja mzito huhitaji 27. Chuma cha kunde na mboga huingia mwilini kwa shida kuliko cha nyama. Dawa yake i karibu: kukamulia ndimu, au kula chungwa au nanasi, tunda lililoipa Thika sifa. La kuepuka ni chai pamoja na chakula, kwani huzuia chuma kisiingie damuni. Afadhali ingojewe saa moja au zaidi. Hapa hata sisi tulao nyama tunahusika, maana mbaazi na mchicha ni chakula chetu, na birika la chai halikosi mkekani.

Dini yetu imehalalisha nyama, haikumlazimisha mtu kuila. Lakini mwili ni amana, na mja mzito ameruhusiwa hata kuacha saumu akihofia nafsi yake au mwanawe. Basi mama aliyeamua kuacha nyama na maziwa aende kliniki apimwe damu mapema, na vidonge vya chuma na asidi ya foliki apewavyo huko asivitupe kabatini.