Matokeo ya Chuo: Jinsi ya Kusoma Alama na Hatua za Kuchukua Mambo Yakienda Kombo

Matokeo ya kidato cha nne hueleweka nyumbani bila mkalimani. Kila mzazi anaijua A na anaijua E. Chuoni mambo hubadilika. Matokeo hutoka somo kwa somo na muhula kwa muhula, mara nyingi kwenye tovuti inayofunguliwa kwa nywila ya mwanafunzi mwenyewe, na huandamana na maneno ambayo mzazi hajawahi kuyasikia. Matokeo yasipoeleweka, familia inaweza kuendelea kutafuta karo ya mtoto aliyekwisha kuondolewa kwenye kozi. Mwanafunzi naye anaweza kuacha masomo kwa aibu ya mtihani mmoja ambao angeurudia na kuendelea.

Makala haya yanaeleza jinsi alama za chuo zinavyosomwa na jinsi chuo kinavyoamua kama mwanafunzi anasonga mbele, anarudia au anaondolewa. La kukumbuka tangu mwanzo ni hili: karibu kila tokeo baya lina njia ya kulirekebisha, lakini kila njia ina tarehe yake ya mwisho.

Nani huamua kanuni za alama

Serikali ya kaunti haipangi alama za vyuo vikuu. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, kaunti zinasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani, vile vilivyokuwa vikiitwa vyuo vya vijana. Vyuo vikuu na vyuo vya kitaifa vya ufundi viko chini ya serikali ya kitaifa.

Kila chuo kikuu kina Seneti, na Seneti ndiyo inayopitisha kanuni za mitihani na kuidhinisha matokeo. Kwa hiyo kanuni za chuo kimoja zinaweza kutofautiana na za kingine, na hata kitivo kimoja na kingine ndani ya chuo hichohicho. Kanuni hizo huandikwa katika kijitabu anachopewa mwanafunzi anapojiunga, au huwekwa kwenye tovuti ya chuo. Yanayofuata hapa ni mambo yanayofanana katika vyuo vingi vya umma nchini. Pakiwa na tofauti, kijitabu cha chuo husika ndicho chenye neno la mwisho.

Alama za chuo kikuu

Katika vyuo vikuu vingi vya umma, somo huhesabiwa kwa alama 100. Kwa kawaida, alama 30 hutokana na kazi za muhula, yaani majaribio ya darasani ambayo wanafunzi huyaita CAT, pamoja na kazi za kuandika. Alama 70 hutokana na mtihani wa mwisho wa muhula. Jumla husomwa hivi:

• A: 70 hadi 100
• B: 60 hadi 69
• C: 50 hadi 59
• D: 40 hadi 49
• E: chini ya 40, yaani hajapita

Mzazi aliyezoea KCSE hushtuka anapoona D. Chuoni, D ni kupita. Vilevile alama 70, ambayo shule ya upili huonekana ya kawaida, chuoni ni A. Lakini si kozi zote zinazotumia 40 kuwa alama ya kupita. Katika udaktari, kwa mfano, alama ya kupita ni 50, kwa hiyo 45 inayopitisha mwanafunzi wa sanaa humwangusha mwanafunzi wa tiba.

Mfano: mwanafunzi aliyepata 21 kati ya 30 katika kazi za muhula na 28 kati ya 70 katika mtihani ana jumla ya 49, yaani D. Mwenzake aliyepata 28 zilezile katika mtihani lakini akakosa jaribio moja na kubaki na 9 kati ya 30 ana 37, na hajapita. Walioketi mtihani mmoja na kupata alama sawa wametenganishwa na kazi za muhula.

Mwishoni mwa kozi, wastani wa alama ndio huamua daraja la shahada. Kuanzia 70 ni daraja la kwanza. 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu. 50 hadi 59 ni daraja la pili la chini. Na 40 hadi 49 ni kufaulu bila daraja la heshima. Waajiri wengi, na vyuo vinavyotoa shahada ya uzamili, huuliza daraja hilo.

Baadhi ya vyuo vya kibinafsi hufuata mtindo wa Marekani wa wastani unaofika 4.0, unaojulikana kama GPA. Katika chuo cha USIU-Africa jijini Nairobi, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anatakiwa kudumisha wastani usiopungua 2.0. Anayeteremka chini ya hapo huwekwa chini ya uangalizi. Huyo hajafukuzwa. Ameonywa, na amepewa muda wa kuinua wastani wake.

Mwanafunzi akianguka somo

Matokeo ya mwaka yakipitishwa, mwanafunzi huwekwa katika mojawapo ya hali hizi:

Amepita. Anasonga mwaka unaofuata.

Anatakiwa kufanya mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita sapu. Ameanguka masomo machache. Hufanya mtihani wa masomo hayo tu, mara nyingi kabla ya mwaka mpya kuanza au mapema ndani yake. Katika vyuo vingi, anayepita sapu huandikiwa alama ya kupita pekee, yaani 40, hata kama alipata 75. Sapu humwokoa mwanafunzi, lakini huteremsha wastani wake.

Anatakiwa kurudia masomo au mwaka mzima. Hii humpata aliyeanguka masomo mengi, au aliyeanguka sapu. Hulipa karo tena kwa masomo anayorudia.

Ameondolewa kwenye kozi. Hii ndiyo hatua ya mwisho. Humpata aliyeanguka sehemu kubwa ya masomo ya mwaka, aliyerudia mara nyingi kupita kiasi kinachoruhusiwa, au aliyetoweka chuoni bila taarifa.

Mipaka kati ya hali hizi mara nyingi huwekwa kwa sehemu ya masomo ya mwaka, kama vile theluthi au nusu. Mwanafunzi anapaswa kuijua mipaka ya kozi yake kabla hajaingia mtihani wa kwanza.

Ugonjwa, msiba na uzazi

Kuna tofauti kubwa kati ya kuanguka mtihani na kuukosa kwa sababu ya haki. Aliyelazwa hospitalini, aliyefiwa na mtu wa karibu au aliyejifungua anaweza kuomba mtihani maalumu. Mtihani huu si sapu. Kazi zake za muhula huhesabiwa na alama zake huandikwa zote, bila kufungiwa kwenye 40.

Sharti ni ombi la maandishi lenye ushahidi: barua ya hospitali, kibali cha mazishi au barua ya chifu. Ombi hupelekwa kwa mkuu wa idara au kitivo mapema iwezekanavyo. Anayekosa mtihani na kunyamaza huweza kuandikiwa kwamba ameanguka, hata kama alikuwa wodini.

Tatizo likiwa la muda mrefu, mwanafunzi huomba kuahirisha masomo kwa muhula au mwaka. Akipewa barua ya ruhusa, nafasi yake husubiri. Anayeenda nyumbani kwa kukosa karo bila barua hiyo huhesabiwa mtoro, na akirudi baada ya mwaka mmoja anaweza kukuta jina lake limeondolewa.

Alama zisizoonekana

Malalamiko mengi ya wanafunzi wa vyuo vikuu yanahusu alama zisizoonekana. Mwanafunzi alifanya mtihani, lakini kwenye matokeo nafasi ya somo hilo iko wazi. Sababu huwa nyingi: hakujisajili kwa somo kwenye tovuti, nambari ya usajili iliandikwa vibaya, alama za majaribio hazikuwasilishwa, au alifanya mtihani bila kadi ya mtihani kwa sababu ya deni la karo.

Nafasi iliyo wazi haijijazi yenyewe. Mwalimu wa somo anaweza kuhama, na karatasi za mitihani hazihifadhiwi milele. Wanaosubiri hadi mwaka wa nne hugundua kwamba jina lao haliko katika orodha ya mahafali kwa somo la mwaka wa kwanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Dawa ni kufuatilia muhula uleule: kwanza kwa mwalimu wa somo, kisha mkuu wa idara, kisha mkuu wa kitivo, kisha msajili wa masomo. Kila hatua iwe kwa barua au barua pepe. Mwanafunzi ahifadhi kadi ya mtihani, karatasi za majaribio zilizosahihishwa na fomu ya kujisajili kwa masomo. Afanye pia hakika kwamba ametia saini orodha ya mahudhurio katika chumba cha mtihani, kwa kuwa hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba alikuwepo.

Vyuo vya ufundi

Matokeo ya ufundi yana lugha yake, na hayapaswi kusomwa kama ya chuo kikuu.

Kwa kozi za Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC), alama huandikwa kwa tarakimu, na tarakimu ndogo ndiyo bora. Alama 1 na 2 ni ngazi ya juu kabisa, 3 na 4 ni ya kati, 5 na 6 ni kufaulu. Mwenye 7 au 8 hajapita karatasi hiyo.

Kwa kozi mpya za umahiri zinazotahiniwa na TVET CDACC, mwanafunzi hupimwa kwa kila kitengo, kwa maandishi na kwa vitendo. Alama 80 na zaidi ni umahiri wa juu kabisa, 65 hadi 79 ni ustadi, na 50 hadi 64 ni umahiri wa kutosha. Chini ya 50 huandikwa kwamba bado hajafikia umahiri. Maneno hayo yana maana yake kamili: hajafika bado. Hutakiwa kupimwa tena katika kitengo hicho.

Kwa majaribio ya kazi ya NITA, ambayo hufanywa na mafundi pamoja na wanafunzi wa vyuo vya kaunti, hesabu hushuka kadiri ujuzi unavyopanda. Fundi huanza daraja la tatu, hupanda hadi la pili, na kilele ni daraja la kwanza. Mwajiri anayemwona mwenye daraja la kwanza amemwona fundi mkuu.

Basari, mkopo na hali ya mwanafunzi

Basari hulipiwa mwanafunzi aliye masomoni. Kwa kuwa pesa hizo kwa kawaida hutumwa kwenye akaunti ya chuo, mabadiliko ya hali ya mwanafunzi huzigusa moja kwa moja. Aliyeahirisha masomo, anayerudia mwaka au aliyehamia chuo kingine anapaswa kuijulisha ofisi ya basari kwa maandishi, akiambatisha barua ya chuo. Asipofanya hivyo, pesa zinaweza kukaa chuoni bila kazi, au kurudishwa, huku yeye akidaiwa karo.

Kadhalika, anayepokea mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) akumbuke kwamba kuacha masomo hakufuti deni. Pesa alizokwisha kupokea zitadaiwa, awe amehitimu au la.

Karo ikichelewa na mtihani umekaribia, mwanafunzi asingoje siku ya mtihani kugundua kwamba hana kadi. Aende kwa ofisi ya fedha ya chuo na barua ya kuthibitisha kwamba amepewa basari, aombe makubaliano ya kulipa kwa awamu.

Haki ya kujua na kulalamika

Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa haki na ofisi za umma, na kupewa sababu kwa maandishi uamuzi unapomwathiri vibaya. Mwanafunzi anayeondolewa kwenye kozi anaweza kudai barua yenye sababu, na kukata rufaa ndani ya muda uliowekwa na chuo. Vyuo vingi pia huruhusu mtihani kusahihishwa upya kwa ada fulani. Njia za ndani zikishindikana, malalamiko dhidi ya chuo cha umma yanaweza kupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala, inayojulikana kama Ofisi ya Ombudsman, bila malipo.

Wazazi nao wafahamu kwamba mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima, na taarifa zake zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Chuo kinaweza kukataa kumpa mzazi matokeo. Njia nyepesi ni kukubaliana nyumbani tangu mwanzo kwamba matokeo yatafunguliwa pamoja kila muhula. Mtoto anayejua hatafokewa kwa sapu moja hana sababu ya kuficha ya pili.

Mambo ya kukagua kila muhula

• Je, masomo yote yamesajiliwa kwenye tovuti ya chuo?
• Je, alama za majaribio zimeonyeshwa kabla ya mtihani?
• Je, kadi ya mtihani imepatikana na kuhifadhiwa?
• Matokeo yakitoka, kuna nafasi iliyo wazi?
• Kama kuna sapu, tarehe ya kujiandikisha ni lini, na ada yake ni kiasi gani?
• Kama hali imebadilika, ofisi ya basari na HELB zimejulishwa kwa maandishi?

Wakazi wanaohitaji barua ya kuthibitisha basari, au usaidizi wa kuandika ombi kwa chuo, wanaweza kuanzia katika ofisi ya wadi yao. Wafike na kitambulisho cha mwanafunzi, barua ya kujiunga na chuo na matokeo ya karibuni zaidi.