Kabla hujakata waya wa simu ya mezani

Chapwa, kando ya barabara kuu unapoingia Tunduma ukitokea Mbeya, nyumba zilizowahi kuvutiwa waya wa simu ni chache mno. Wengi walianza moja kwa moja na simu ya mkononi. Ndiyo maana mwenye gesti au wakala wa forodha akiambiwa kwamba kisanduku cha kupigia simu kwa intaneti kitampunguzia gharama, ana haki ya kudai hesabu. Mimi naona kisanduku hicho kinafaa kununuliwa, lakini si kwa ajili ya dakika za bei nafuu. Faida yake ni namba ya ofisi inayokaa mezani, ambayo haiondoki na karani siku anapoacha kazi.

Kisanduku chenyewe huchomekwa simu ya kawaida upande mmoja na ruta upande wa pili, kisha hugeuza sauti kuwa data. Kwa mfumo wa G.711, wenye sauti safi, mazungumzo hula takribani kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na nyingine kama hizo kurudi, yaani karibu MB 1.3 kwa dakika na chini ya MB 80 kwa saa. Mfumo wa G.729 hula kama theluthi tu. Kifurushi basi si kikwazo. Kikwazo ni kuchelewa kwa sauti. Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kumfikia msikilizaji. Nakonde, Zambia, iko ng'ambo tu ya mpaka, lakini mitambo ya mtoa huduma ikiwa Ulaya, neno la mtu wa Chapwa hupita baharini kwenda huko na kurudi ndipo limfikie mwenzake, na hapo watu huanza kuingiliana maneno. Muulize muuzaji mitambo yao iko wapi.

Atakayesema simu zitakuwa bure anasema nusu ya ukweli. Zinazogharimu data pekee ni zile za visanduku viwili vya mtoa huduma mmoja. Ukipiga namba ya mkononi, mtandao unaoipokea simu hiyo unatoza, na ndani ya nchi tozo hiyo imeshashushwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kutoka shilingi 34.92 mwaka 2013 hadi shilingi 2 mwaka 2022, ndiyo maana vifurushi vya kawaida ni vigumu kuvishinda kwa bei. Simu ya kwenda +260, yaani Zambia, ni ya kimataifa hata ukiipiga kwa kisanduku. Tena vile vinavyosifiwa sana Marekani, kama magicJack na Ooma, hutoa namba za huko: dereva aliye kwenye foleni ya malori akikupigia, analipia simu ya kwenda Marekani.

Hoja ya umeme ni nzito zaidi. Simu ya waya wa shaba ililishwa na betri za kituo cha simu, volti 48, ikalia hata mtaa ukiwa giza. Kisanduku huzimika pamoja na ruta. Hata hivyo, vyote viwili kwa kawaida hula wati 15 hivi, na betri ya volti 12 yenye Ah 7 ina wati-saa 84, zinazotosha kama saa nne au tano. Soma volti kwenye kibandiko cha kifaa kabla ya kuunganisha. Na hakikisha mtoa huduma ana leseni ya TCRA chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Mtu akitaka kukodi chumba chako aweke mashine yenye laini nyingi za simu, mkatalie: hiyo huenda ikawa simboksi, ya kuingiza simu za kimataifa kwa magendo, nayo ni kosa la jinai.

Kwa wachache wenye laini ya waya ya shirika la simu TTCL, msifanye haraka. Utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadili namba, ulioanza Machi 2017, uliwekwa kwa ajili ya simu za mkononi. Ulizeni kwanza kama namba yenu ya 025 inaweza kuhamishiwa kwenye faiba, mpewe jibu kwa maandishi, ndipo mkate waya.