Vyuo vya kijeshi Marekani: Ni mwalimu yupi akutathmini?

MWANAFUNZI anayeomba nafasi katika chuo cha kijeshi cha Marekani huhangaikia alama za mitihani, mazoezi ya viungo na seneta au mbunge wa kumteua. Wengi hulisahau jambo jingine lenye uzito: tathmini ya walimu wao.

Suala hili linazigusa familia za Wakenya wanaoishi huko ambao watoto wao ni raia wa Marekani. Masomo katika vyuo hivi hayalipiwi karo, na anayehitimu huwa afisa wa jeshi.

Chuo cha Wanamaji kilichoko Annapolis, kwa mfano, hutaka tathmini ya mwalimu wa Hisabati na ya mwalimu wa Kiingereza. Sababu ni wazi. Afisa hupiga hesabu zinazohusu maisha ya watu, na amri aliyoiandika visivyo yaweza kuwaangamiza askari wake.

Je, iwapo umefunzwa na walimu kadhaa wa somo hilo hilo, umchague yupi?

Kwanza, mtangulize aliyekufunza katika mwaka wa tatu wa shule ya upili. Yule wa mwaka wa nne huenda amekujua kwa majuma machache tu wakati fomu zinapojazwa.

Pili, usimkimbilie aliyekupa alama ya juu zaidi. Alama hizo tayari zimo katika rekodi zako. Chuo kinatafuta kile ambacho rekodi haionyeshi: uaminifu, uongozi na ustahimilivu. Mwalimu aliyekuona ukianguka, ukaomba msaada, kisha ukainuka, ana kisa cha kusimulia. Yule anayekukumbuka kwa jina tu ataandika sifa zinazoweza kumfaa mwanafunzi yeyote.

Ukishamchagua, mwendee ana kwa ana mapema. Muulize iwapo anaweza kukutolea ushahidi mzuri. Akisitasita, mshukuru na umtafute mwingine. Mpe orodha ya shughuli zako pamoja na tarehe ya mwisho, kisha umkumbushe kwa adabu. Tathmini isipofika, ombi lako halijakamilika, hata kama kosa si lako.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Katika maombi haya, hata kizuri huhitaji shahidi anayekifahamu.