MAASI YA HABESHI YA MWAKA 1960: ASKARI WALIPOSIKIA AMRI MBILI

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akishika jumba la mfalme na redio, ameishika nchi. Maasi yaliyotokea Habeshi, yaani Ethiopia, mwezi wa Desemba 1960, yaonyesha kwamba sivyo. Twaieleza habari hiyo hapa kwa kuwa ina mafunzo kwa kila aliyewekwa juu ya watu, na kwa kila aliye chini ya amri.

Yafaa kwanza kujua hali ya majeshi. Mfalme Haile Selassie alikuwa na majeshi mawili katika mji mkuu wa Addis Ababa. La kwanza lilikuwa Walinzi wa Mfalme, askari wateule, ambao vikosi vyao vilikwenda kupigana Korea tangu mwaka 1951. La pili lilikuwa jeshi la nchi. Kila moja lilikuwa na mkuu wake, na Walinzi walipata matunzo bora kuliko wenzao. Mfalme alipenda iwe hivyo, ili jeshi moja lilizuie jingine. Walakini wivu uliingia kati yao, na mafahali wawili hawakai zizi moja.

Mkuu wa Walinzi alikuwa Jemadari Mengistu Neway. Nduguye mdogo, Germame, alisoma Marekani, akarudi akawa mtawala wa wilaya. Huko aliwaona wakulima wasio na ardhi, akajaribu kuwagawia. Wenye mashamba wakanung'unika, akahamishwa. Basi Germame akasadiki kwamba nchi haitaendelea mpaka serikali ibadilishwe, na Mengistu akakubaliana naye.

Usiku wa tarehe 13 Desemba 1960, Mfalme akiwa safarini Brazil, mawaziri na wakuu waliitwa kwa habari ya kuwa Malkia ni mgonjwa sana. Walipofika, wakakamatwa. Kesho yake Mrithi wa ufalme, Asfa Wossen, alisoma tangazo katika redio kwamba serikali mpya imewekwa ili kuondoa umaskini na ujinga. Baadaye ilielezwa kuwa alilazimishwa. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kuwaunga mkono waasi.

Lakini waasi waliacha mlango mmoja wazi. Majemadari Merid Mengesha na Kebede Gebre hawakukamatwa, nao wakafika katika kambi ya jeshi la nchi. Vifaru vilikuwa upande wao, na jeshi la ndege likabaki kwa Mfalme. Siku mbili zikapita kwa kupelekeana wajumbe. Kwa waasi siku hizo zilikuwa hasara tupu, maana wenzao walizitumia kuleta askari mjini kutoka nje. Kadhalika Patriarki Basilios, mkuu wa Kanisa, aliandika waraka wa kuwaonya watu wasiwafuate waasi, na nakala zake zikatawanywa mjini.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Walinzi wengi wa vyeo vya chini hawakuambiwa kwamba wakubwa wao wamemwasi Mfalme. Kazi yao ilikuwa kumlinda, nao walidhani ndiyo waifanyayo. Jeshi la nchi nalo lilipigana kwa jina la Mfalme huyo huyo. Hivyo pande zote mbili walikuwako watu waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya mtu mmoja, na risasi zao zikaelekezwa vifuani mwa ndugu zao.

Vita vilianza tarehe 15 Desemba alasiri, vikaisha kesho yake. Waasi walipoona wameshindwa, waliwapiga risasi wakuu waliowafunga jumbani, wakafa wapatao 15. Mmoja wao alikuwa Ras Abebe Aregai, aliyewapiga Waitaliani miaka mingi msituni. Tarehe 17 Mfalme alirejea mjini kwa njia ya Asmara. Germame alikufa tarehe 24 Desemba alipozingirwa pamoja na nduguye. Mengistu alikamatwa akiwa na majeraha, akahukumiwa, akanyongwa hadharani tarehe 30 Machi 1961.

Je, mambo yalikwisha? La. Jeshi lililomwokoa Mfalme lilitambua nguvu zake, na katika mwaka 1961 likadai nyongeza ya mshahara, likapewa. Malalamiko ya wakulima yalibaki vile vile. Mwanzo wa mwaka 1974 askari waligoma kambini, na tarehe 12 Septemba mwaka huo jeshi likamwondoa Mfalme katika kiti chake.

Basi twaona mambo mawili. Mwenye kuficha nia yake kwa askari wake hana askari, ila ana watu waliopotezwa njia, nao humwacha wakiujua ukweli. Na mtawala anayeokolewa kwa bunduki, asipoondoa sababu ya maasi, ameahirisha tu siku yake. Utii wa watu hudumu pale wanapoijua amri imetoka kwa nani, na kwa ajili ya jambo gani.