Kioo cha Gari Kilichopasuka Njiani: Nani Mdhamini, na Je, Fidia ya Bima ni Halali?

Sifa zote njema ni za Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu Muislamu, lami kutoka Mbinga hufika Mbamba Bay, lakini anayekwenda Liparamba, karibu na mpaka wa Msumbiji, hupita njia za vumbi na changarawe. Lori likipishana na gari dogo, jiwe huruka na kupasua kioo cha mbele. Hapo huzuka masuala mawili: nani atalipa, na je, fidia ya bima ni halali?

Dhamana ya jiwe

Mafaqihi walilijadili jambo hili kabla ya kuwepo magari. Al-Marghinani (aliyefariki 593H), katika Al-Hidaya, kitabu cha madh-hebu ya Hanafi, anaeleza kuwa kijiwe kidogo kikirushwa na kwato za mnyama na kumdhuru mtu, mpandaji hana dhamana, kwani hilo haliepukiki. Jiwe likiwa kubwa, atalipa, kwa kuwa hutokana na ukali wa uendeshaji wake. Imamu An-Nawawi (aliyefariki 676H), katika Minhaj, kitabu kinachotegemewa na Mashafii wa Afrika Mashariki, anamtaka mpandaji ajiepushe na mwendo usio wa kawaida, kama kukimbiza mnyama kwa nguvu kwenye matope. Asipojiepusha, atadhamini madhara yatokanayo.

Kwa kiyasi hicho, dereva aendaye mbio kwenye changarawe huku akipishana na wenzake hawezi kusema tu kuwa ni kadari.

Fidia ya bima

Bima ndogo, ambayo sheria humlazimisha mwenye gari kuwa nayo, hailipi kioo cha gari lako mwenyewe. Kioo hulipwa na bima kubwa, kwa masharti ya mkataba.

Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Jeddah iliamua mwaka 1985 kuwa bima ya kibiashara ni haramu kwa sababu ya gharari kubwa iliyomo, na ikaelekeza kwenye bima ya ushirikiano, yaani takaful. Sheikh Mustafa az-Zarqa (aliyefariki 1999) alikuwa miongoni mwa walioijuzisha bima.

Kwa hiyo hali ni tatu:

1. Aliyepasua kioo kwa uzembe akilipa kupitia bima yake, pokea. Hiyo ni haki yako juu yake, na dhambi ya mkataba, ikiwepo, si yako.

2. Kama una bima kubwa ya kibiashara, basi kwa wanaoiharamisha, salama yako ni kuchukua kisichozidi ulichokwisha kulipa, kwa kuzingatia Aya ya 279 ya Suratul Baqara inayomrudishia mwenye kutubu rasilimali yake. Kinachozidi kitolewe kwa mafukara na maslahi ya umma.

3. Kama ni takaful, chukua kwa mujibu wa masharti, kwani michango ilitolewa kwa nia ya kusaidiana.

Uaminifu katika madai

Vyovyote iwavyo, uongo ni haramu kwa kauli moja. Toa taarifa mapema, piga picha, jaza fomu kwa ukweli, usibadilishe kioo kabla hakijakaguliwa, na hifadhi risiti ya fundi. Soma mkataba ujue kama kioo kimetajwa, kwa kiwango gani, na sehemu ipi ya gharama utaibeba mwenyewe.

Wako wanaodai ufa wa mwaka jana kuwa ni wa jana, au wanaoafikiana na fundi aandike bei ya juu wagawane ziada. Hao wanakula mali kwa batili, jambo lililokatazwa katika Aya ya 29 ya Suratun Nisaa. Asidhani mtu kwamba kampuni ikiwa na mkataba wenye kasoro, mali yake imekuwa ngawira. Katika takaful dhambi ni nzito zaidi, kwani fungu linaloibiwa ni la wenzako waliochangia.

Maimamu wawakumbushe madereva mambo mawili: kupunguza mwendo wanapopishana, na kusema kweli wanapodai.

Wallahu A'lam.