Programu Zifungiwe, Vitambulisho Vipone

Mteja wa saiba mjini Kisii, Keroka au Nyamira huacha nyuma mengi: picha ya kitambulisho, PIN ya KRA, maombi ya HELB au ya KUCCPS. Vyote hulala kwenye kompyuta moja, mara nyingi katika folda moja. Kwa sababu hiyo nasikitika tunapoisifu Linux kwa bei yake tu. Programu iliyosakinishwa kwa njia ya zamani kwenye Ubuntu au Debian kwa kawaida hutenda kazi kwa mamlaka yote ya mtumiaji aliyeifungua. Faili mbovu ya PDF aliyoileta mteja wa asubuhi, ikifanikiwa kuiteka programu ya kuisomea, inaweza kufikia vitambulisho vya wateja wa mwezi mzima.

Flatpak, mfumo wa kusakinisha programu za Linux ulioanzishwa na Alexander Larsson kwa jina la xdg-app na kupewa jina la sasa mwaka 2016, huifungia kila programu chumbani mwake. Programu ikitaka faili, mfumo wenyewe ndio unaofungua dirisha la kuchagulia, kisha huikabidhi programu ile moja uliyoiteua. Tatizo ni kwamba milango ya chumba hicho hupangwa kwanza na mtengenezaji, na programu nyingi za Flathub, duka la programu za Flatpak, huja na ruhusa ya kusoma folda nzima ya mtumiaji. Anayesakinisha na kuishia hapo amepata kinga ya jina tu. Kazi yenyewe ni kufungua Flatseal, programu ya kusimamia ruhusa za Flatpak, na kuiondoa ruhusa hiyo, programu baada ya programu.

Wenye saiba hulalamikia bando, na wana haki: programu ya kwanza huja na maktaba zake za msingi, mamia ya megabaiti. Hata hivyo, zinazofuata mara nyingi huzitumia maktaba zilezile, na sasisho hushusha sehemu zilizobadilika tu. Tena ipo amri ya flatpak create-usb, isiyojulikana inavyostahili, inayonakili programu na maktaba zake kwenye flashi. Saiba moja ya mjini yenye intaneti nzuri inaweza kupakua, nayo ya Nyansiongo au Ogembo ikasakinisha kutoka kwenye flashi hiyo, saini ya kidijitali ikikaguliwa kwanza. Pingamizi gumu zaidi ni kwamba mfanyakazi aliyeketi mbele ya kompyuta huona kila kitu. Hapo Flatpak haisaidii. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamdai mwenye saiba mwenyewe, na folda ya wateja itafutwa kwa mkono kila jioni kabla ya mlango kufungwa.